Jicho, maisha au mtazamaji: ukipewa potreti ya usasa uanze kuisoma kwa njia ipi?

Hili swali wanalijua wote wanaojifunza uchoraji hapa Bagamoyo, na hata wale jamaa wanaouza picha Mji Mkongwe limeshawakuta. Mtu anakuwekea mbele potreti, yaani picha ya mtu, ya zile zama za usasa mwanzoni mwa karne iliyopita, uso umepinda, rangi haifanani na ngozi ya binadamu yeyote unayemfahamu, afu anakwambia haya sema, huyu anajisikiaje na ni nani. Unakodoa macho. Ukiomba ushauri ndo unachanganyikiwa zaidi, maana mmoja atakwambia angalia picha tu achana na stori, mwingine atakwambia bila kusoma maisha ya mchoraji na aliyechorwa utakuwa unabahatisha, na wa tatu anasema picha ni ya anayeitazama kwahiyo sema unachokiona wewe.

Wote watatu wana hoja, ndo maana watu wanakwama. Nimeona tuziweke hizo njia mezani, tuzipime kwa vigezo vilevile na kwa picha ileile, kila mtu achukue inayomfaa. Kwa kifupi naziita jicho kwanza, maisha kwanza, na mtazamaji kwanza.

Vigezo

Cha kwanza ni unahitaji nini mkononi kabla hujaanza, maana kuna njia zinataka kusoma na nyingine zinataka muda tu. Cha pili, njia inakusaidiaje kupata hisia. Cha tatu, inakusaidiaje kupata utambulisho. Cha nne, inateleza wapi. Cha tano, inamfaa nani.

Hicho cha pili na cha tatu nimevitenganisha makusudi. Wengi wanauliza hisia na utambulisho kwa pumzi moja kana kwamba jibu ni moja, wakati unaweza kuona huzuni kwenye picha bila kujua ni ya nani, na unaweza kujua jina la mtu, ukoo wake, kazi yake na mwaka aliozaliwa usijue hata chembe siku ile alikuwa anajisikiaje. Kiukweli ukishajua ni lipi kati ya hayo mawili unaloulizwa, kuchagua njia kunakuwa rahisi sana.

Picha ya kupimia

Nimechagua potreti ya Gertrude Stein iliyochorwa na Pablo Picasso mwaka 1905 hadi 1906, ambayo sa hizi ipo Metropolitan Museum, New York. Itafute kwenye simu uikuze ijae skrini. Utaona mwanamke mwenye mwili mkubwa amekaa, nguo nzito za kahawia, na nyuma yake pia kahawia na wekundu wa kutu, yaani karibu picha nzima imechovywa kwenye udongo. Shingoni kuna kitambaa cheupe na pambo dogo la rangi ya marijani, ndo kitu pekee kinachong'aa kidogo. Mwili umeinama mbele, mikono mikubwa imetua mapajani. Uso sasa: mgumu, umenyooka kama umechongwa kwenye mti, kope nzito, macho hayalingani, na namna ulivyochorwa haifanani na namna mikono ilivyochorwa. Huo mpishano ushike, tutaurudia.

Jicho kwanza

Unahitaji nini? Picha safi na muda, basi. Huhitaji kitabu wala jina la mtu. Ila kama unatumia simu kumbuka kila skrini ina rangi zake, kwahiyo fungua nakala mbili tatu tofauti kabla hujaanza kutoa hukumu kuhusu wekundu wa mahali fulani.

Kwenye hisia njia hii ndo iko nyumbani. Fanya hivi: funika uso wa Stein kwa kidole gumba, uache mwili peke yake. Unapata mtu aliyetulia ila yupo makini, amesogea mbele kama anayesikiliza kesi na ana muda wa kuisikiliza hadi mwisho. Sasa geuza, funika mwili uache uso. Joto limeondoka lote, uso haukupokei wala haukufukuzi. Toa kidole uangalie vyote kwa pamoja, na hapo ndo hisia ya hii picha ilipo, mwili unakukaribisha na uso umefunga mlango. Hujasoma hata mstari mmoja wa historia na tayari una kitu cha maana cha kuandika.

Njia hii pia inakuokoa na rangi za ajabu. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alipeleka picha ya mkewe Amélie akiwa amevaa kofia kwenye maonyesho ya Salon d'Automne, Paris, mwaka 1905, uso una kijani, kofia ni vurugu tupu la rangi, watu wakacheka na mhakiki Louis Vauxcelles akawafananisha wachoraji wa kundi lile na wanyama wa mwituni, jina likawaganda hadi leo. Inasimuliwa Matisse aliulizwa mkewe alikuwa amevaa nguo ya rangi gani siku ile, akajibu nyeusi, si unajua. Iwe kweli iwe chumvi, somo lipo: kijani kile hakikuwa kwenye ngozi ya Amélie, ni joto la picha yenyewe. Mtu anayekimbilia kuuliza kwani alikuwa anaumwa, ameshapotea njia.

Utambulisho je? Hapa jicho linaishiwa pumzi. Kwa Stein utasema mtu mwenye mamlaka, mtu mzima, asiyejali urembo wa kuchekacheka. Kwamba ni Mmarekani, kwamba ni mwandishi, kwamba anaishi ugenini, kanvasi haisemi popote.

Na inateleza wapi: pale mtu anapojitengenezea kamusi ya rangi, bluu ni huzuni, nyekundu ni hasira, nyeupe ni amani, afu anaipiga mhuri kila picha. Sisi wa pwani tunajua nyeupe ni kanzu ya bwana harusi na nyeupe hiyohiyo ni sanda. Rangi inapata maana kutokana na jirani zake ndani ya picha, haiji na maana yake mfukoni.

Inamfaa anayeanza, inamfaa mchoraji mwenyewe maana anajifunza kazi ilivyofanyika, na inamfaa yeyote anayeitazama picha ambayo aliyechorwa hana jina.

Maisha kwanza

Hapa unahitaji taarifa za kuaminika, na zaidi ya taarifa unahitaji kuwa mkali na miaka. Bila miaka njia hii ni umbea uliovaa tai.

Kwenye utambulisho hakuna njia inayoifikia. Stein alizaliwa Marekani mwaka 1874 kwenye familia ya Kiyahudi, akasomea udaktari Johns Hopkins akaacha bila kumaliza, akahamia Paris 1903, na yeye na kaka yake Leo wakawa wananunua picha za vijana ambao bado walikuwa hawajawa na majina makubwa. Hata ile picha ya Matisse yenye kofia iliyochekwa, walioinunua ni hao hao akina Stein. Picasso alipoanza kumchora alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, Mhispania, anahangaika na maisha pale mtaa wa Montmartre, Paris, na aliyekaa mbele yake alikuwa mteja na rafiki. Ukijua hayo, ule uzito wa mwili kwenye picha unaanza kuwa na mwenyewe.

Hisia nazo zinapata kitu kutoka huku, ingawa kwa mlango wa nyuma. Stein mwenyewe alidai alikaa kuchorwa mara 80 au 90. Tuseme aliongeza chumvi, bado ni nyingi. Masika ya 1906 Picasso akakifuta kile kichwa, inasemekana akilalamika kwamba hamuoni tena akimtazama, akaenda zake Hispania kwenye kijiji cha Gósol, na aliporudi akauchora uso upya Stein akiwa hayupo mbele yake! Rudi sasa kwenye ule mpishano wa uso na mikono. Mikono ilichorwa mtu akiwa amekaa pale, uso umechorwa kwa kumbukumbu. Kwahiyo ule ubaridi tulioukuta kwa jicho huenda sio ubaridi wa Stein hata kidogo, huenda ni umbali wa mchoraji. Hili jicho peke yake lisingekupa, lilikuonesha mshono tu ila sio sababu ya mshono. Na watu waliposema picha haifanani naye, Picasso anasimuliwa kujibu kwamba atakuja kufanana nayo. Stein aliitunza maisha yake yote, akaiusia makumbusho alipofariki 1946.

Kuteleza kwake kuna sura mbili na zote nimezikuta kwenye kazi za wanafunzi na kwenye maelezo ya watu wazima pia.

Ya kwanza ni kusoma kinyumenyume. Watu wanaona kwenye picha "mwandishi mkubwa, mama wa wasanii wa Paris", wakati picha inakamilika 1906 Stein ana miaka 32 na hajachapisha kitabu hata kimoja, cha kwanza kilitoka 1909. Alice Toklas aliyekuja kuwa mwenza wake wa maisha alifika Paris 1907. Ukimsoma Stein wa 1906 kwa sifa za Stein wa 1935 umemchora upya wewe mwenyewe.

Ya pili ni pale tukio moja linapomeza picha zote, na anayeonewa sana hapa ni mchoraji wa Mexico, Frida Kahlo. Kila mtu anajua ajali ya basi ya tarehe 17 Septemba 1925 iliyomvunja vibaya, basi kila potreti yake inakuwa maumivu, hata ile ambayo ameketi na nyani ametulia zake. Ila tusiipindue pia, maana kuna picha yake moja ambayo bila maisha unatoka mikono mitupu. Ni ile ya Frida wawili, ya mwaka 1939, kubwa kama mita 1.7 kila upande, iko Mexico City. Frida wawili wamekaa wameshikana mikono, mbingu ya dhoruba nyuma yao, mioyo iko nje na mshipa mmoja unawaunganisha. Mmoja kavaa gauni jeupe la Kizungu, mwingine vazi la wanawake wa Tehuantepec. Huyu wa Kimexico ameshika kijipicha cha mumewe Diego Rivera akiwa mtoto, yule wa gauni jeupe ameshika koleo la hospitali anajaribu kuzuia damu, na damu inadondokea gauni. Mwaka huohuo yeye na Diego wakaachana (walirudiana na kuoana tena Desemba 1940), na baba yake alikuwa Mjerumani wa kuzaliwa, mama mwenyeji wa Mexico. Bila hizo taarifa utaona damu, utasema huzuni, utaishia hapo. Ila kusoma vazi hamtapata shida, watu wa huku wameshazoea kusoma maneno kwenye kanga kabla hawajamsalimia aliyeivaa.

Inamfaa anayeandika makala ndefu, anayeandaa maelezo ya maonyesho, na yeyote anayeulizwa swali la "ni nani". Haimfai mwenye dakika tano na simu haina bando.

Mtazamaji kwanza

Unahitaji watu. Na unahitaji kufunga mdomo, ambalo ndo gumu. Waoneshe picha kabla hujawatajia jina la mchoraji, maana ukisema Picasso tu kila mtu anaanza kutafuta jibu la kisomi.

Ile ya Stein niliwahi kuiprinti kwenye karatasi ya A3 nikatembea nayo hadi pale soko la samaki. Mama mmoja anayekaanga samaki aliiangalia mafuta yakiwa yanachemka, akasema "huyu mama anamsubiri mtu amalize uongo wake." Kijana wa bodaboda akasema huyo ni bosi na siku hiyo hakuna mshahara. Mzee aliyekuwa amekaa pembeni na kofia yake akachukua muda, mwisho akasema "amefiwa, ila hataki kupewa pole." Hao watatu hawakubaliani ni kwa nini amekaa vile, ila wote wameona kitu kilekile, mtu anayejua jambo na amelinyamazia. Kwenye hisia njia hii inakupa upana ambao peke yako huupati, na pale majibu ya watu wasiofahamiana yanapogongana sehemu moja, pashike hapo, mara nyingi kuna kitu kwenye kanvasi kinachowasukuma.

Upande wa utambulisho wengi wanaidharau, wanasema mtazamaji atakwambia habari zake sio za aliyechorwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kuna utambulisho unaotengenezwa na watazamaji wenyewe na hakuna pengine pa kuupata. Angalia ile potreti ya Tutu ya Ben Enwonwu, mchoraji wa Nigeria, aliyoichora mara tatu kuanzia mwaka 1973. Aliyechorwa ni Adetutu Ademiluyi wa ukoo wa kifalme wa Ife, yaani Myoruba, na Enwonwu ni Mwigbo, na vita ya Biafra, ile ya Waigbo kutaka kujitenga na Nigeria, ilikuwa imeisha 1970 tu. Wanaijeria wengi wakaiona kama picha ya kupatana, nakala zake zikaning'inia kwenye kuta za majumba kibao, wakati picha halisi hazijulikani zilipo. Moja kati ya hizo tatu, ya mwaka 1974, ikaja kuonekana kwenye fleti moja London mwaka 2017, ikauzwa mnadani 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Sasa utasemaje Tutu ni nani ukiwaacha nje watu walioishi nayo ukutani miaka yote hiyo? Yule binti mmoja aliyekaa kuchorwa na yule Tutu wa ukutani sio mtu mmoja tena.

Inapoteleza: unapojiona wewe kila mahali. Mtu wa huku akiuona uso wa Stein haraka atasema barakoa hiyo, ya kwetu hiyo, anakumbuka mapiko ya Wamakonde. Na ni kweli Picasso alikuja kuchota sana kwenye barakoa za Afrika, lakini ziara yake kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, inayotajwa sana ni ya 1907, uso wa Stein ulikuwa umeshamalizika, na wanahistoria wengi wanauhusisha na sanamu za kale za Hispania zilizokuwa zimeoneshwa makumbusho ya Louvre, Paris. Hisia ya "hii ni barakoa" ni halali kabisa, iandike. Ukiivusha ikawa dai la kihistoria ndo umeteleza.

Inamfaa mwalimu mwenye darasa, mwongoza wageni, na mtu aliyesoma sana hadi haoni tena picha, anaona maandishi yake tu.

Ukitaka kuchanganya

Inawezekana, ila mpangilio una maana. Ukishajua stori ya kichwa kilichofutwa huwezi kujisahaulisha, kila ukiuangalia ule uso utauona mshono. Kwahiyo mimi naonaga ni busara jicho lipate zamu yake kabla ya maandishi, watu wafuate, maisha yaje mwisho. Isipokuwa kwa picha iliyojaa alama za mtu binafsi kama ile ya Frida wawili, hiyo kuichelewesha historia ni kujitesa tu.

Kwahiyo wewe uko wapi?

Kama uko kwenye chumba cha mtihani na nakala ya picha tu, jicho kwanza, na usiongeze stori usiyo na uhakika nayo. Andika mkao, mikono, macho, rangi na jirani zake, afu sema hisia inatoka sehemu gani. Msahihishaji anaweza kubishana na tafsiri yako ila hawezi kubishana na mkono uliopo pale.

Kama umepewa kazi ya wiki mbili yenye neno utambulisho kwenye kichwa, maisha kwanza, na kabla ya kuandika sentensi yoyote tengeneza ukurasa wa miaka: amezaliwa lini, picha imechorwa lini, umaarufu umekuja lini. Chochote kilichotokea baada ya picha kiweke pembeni.

Kama unawatembeza wageni au una darasa la watoto, mtazamaji kwanza, na jina la mchoraji libaki mfukoni hadi watu watatu wameshaongea.

Kama aliyechorwa hajulikani kabisa, njia ya maisha imefungwa, usilazimishe. Jicho na mtazamaji zinakutosha, na ni sawa kuandika "mwanamke asiyejulikana" ukaiacha hivo.

Kama unanunua picha ya kuweka sebuleni, kiukweli stori ya muuzaji isikupeleke mbio, maana kwa Mji Mkongwe kila picha ina stori. Kaa nayo kimya kwanza, afu muulize mtu mtakayeishi nayo nyumba moja anaionaje.

Na kama wewe ndo mchoraji, unataka kumchora bibi yako pale barazani kwa mtindo huu wa usasa, anza na maisha yake kwa kukaa naye tu bila brashi, mpige stori. Mkao na mikono vichore akiwepo. Uso ukikugomea jaribu kuuchora siku ambayo hayupo, afu nakala ipitishe kwa majirani bila kuwaambia ni nani, uone watamtambua au watamuulizia yuko wapi siku hizi.